Niwapelekee Wazazi Mvinyo wa Mwaka Waliofunga Ndoa?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mziwanda katika familia ya watoto wanne. Naishi Uingereza na nafanya kazi ya uuguzi. Nyumbani ni Dodoma. Agosti mwaka huu wazazi wangu wanatimiza miaka 50 ya ndoa, na familia nzima tuko kwenye maandalizi ya jubilei: misa parokiani asubuhi, ukumbi jioni, kamati imeshaundwa na michango inakusanywa.

Walioana Agosti 1976. Baba alikuwa fundi bomba aliyekuja Dodoma baada ya Serikali kuamua makao makuu yahamie pale. Mama ni binti wa Hombolo, na babu yangu alikuwa na shamba la zabibu. Kuna jambo Mama hupenda kulisimulia kila Krismasi. Siku ya harusi yao hakukuwa na fedha ya vinywaji vya maana, watu walikunywa togwa na pombe ya kienyeji. Padri aliyewafungisha ndoa akawaletea chupa moja ya divai, wakagawana wao wawili na wasimamizi wao, kila mtu glasi moja ndogo. Mama husema hajawahi kuonja kitu kitamu kama kile tena.

Sherehe nyingi za nyumbani zimenipita. Harusi ya kaka, ubatizo wa watoto wa dada, hata msiba wa bibi, vyote nilichangia kwa simu tu. Safari hii nimeshakata tiketi, na nataka nije na kitu ambacho hakuna mwingine atakayekileta. Nikawaza: kwa nini nisiwaletee mvinyo wa 1976?

Nimetafuta sana. Kuna duka moja London linauza chupa ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, wa 1976 kwa pauni 160, kama nusu milioni ya shilingi hivi. Muuzaji ameniambia bado unanyweka. Kwenye picha naona mvinyo umeshuka chini kidogo ya bega la chupa na lebo imechakaa, lakini mwaka unasomeka vizuri. Nimeshaliona tukio lote kichwani: ukumbini, ule wakati wa kufungua shampeni, MC anawatangazia watu kuwa chupa hii imezaliwa siku moja na ndoa hii, Baba na Mama wanagonganisha glasi, watu wanapiga vigelegele.

Nilipoliweka wazo hili kwenye kundi la WhatsApp la familia, moto ukawaka. Kaka yangu mkubwa alisema nusu milioni ni fedha ya kumalizia bati la nyumba ya wazazi, na kwamba wazee wetu wakiuonja huo mvinyo watasema umechacha. Dada yangu aliandika neno moja tu: "Baba?" Nikamjibu kuwa hayo yalishapita. Baba aliacha pombe nilipokuwa kidato cha pili, baada ya miaka ambayo haikuwa mizuri nyumbani. Sasa ana amani, anasali, anatunza bustani yake, na sidhani glasi moja siku ya jubilei yake itamdhuru. Dada hakujibu tena.

Nimeshalipa mchango wangu wote wa sherehe, kwa hiyo fedha hii ni yangu. Lakini tangu siku ile sina raha. Duka limekubali kuniwekea chupa kwa wiki mbili. Je, niinunue? Na kama si hiyo, nitafute ipi?

Mziwanda, Uingereza

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukosa raha katika jambo ulilolianza kwa upendo.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na ninavyoielewa ni hivi. Unataka kuwashukuru wazazi wako kwa kitu chenye mwaka wao. Unataka kuirudisha ile chupa ya padri ambayo Mama ameisimulia maisha yako yote. Na baada ya sherehe nyingi ulizohudhuria kwa muamala wa simu, unataka safari hii uwepo wako uonekane. Yote matatu umeyabebesha chupa moja, na ndiyo maana maneno ya ndugu zako yamekuuma kuliko bei yenyewe ilivyostahili.

Nianze na mvinyo, kwa kuwa ndio ulioniuliza.

Mwaka 1976 Ulaya ilipata kiangazi cha joto na ukame ambacho wazee wa huko uliko bado wanakisimulia. Bordeaux zabibu ziliiva mapema, kisha mvua zikanyesha Septemba wakati wa mavuno. Mvinyo mwekundu uliotoka ulikuwa laini, wa kunywewa mapema. Watu waliokuwa nao wengi waliufungua miaka mingi iliyopita, na walifanya vyema. Chupa chache za watengenezaji wakubwa wa mvinyo, zilizolala mahali penye ubaridi na giza muda wote huu, bado zinaweza kuwa na uhai. Chupa ya kawaida ya mwaka ule, leo, ni bahati nasibu.

Hapo ndipo ile picha yako inapozungumza. Mvinyo ukishuka kwenye chupa maana yake kizibo kimekuwa kikipitisha, kidogo kidogo. Kwa chupa ya miaka 50, kufika usawa wa bega ni jambo la kawaida. Ukishuka chini yake, hewa iliyoingia ni nyingi, na huenda mkakuta kitu chenye rangi ya kahawia na harufu ya siki. Lebo iliyochakaa isikutishe, mara nyingi ni unyevu wa ghala tu, na unyevu hausumbui kizibo. Muulize muuzaji maswali mawili: chupa hii ililala wapi, na inaweza kupigwa picha taa ikiwa nyuma yake ili rangi ionekane? Akisema haijui historia yake, hilo nalo ni jibu. Kuhusu kughushiwa usihofu sana. Matapeli wa mvinyo, kama yule Rudy Kurniawan aliyetiwa hatiani New York mwaka 2013, hughushi chupa za maelfu ya dola. Kwa bei yako, adui ni joto na utunzaji mbaya.

Lakini kuna jambo muuzaji hakukwambia. Mwaka 1976 ulikuwa mzuri sana kwa mvinyo mtamu. Sauternes, papo hapo kusini mwa Bordeaux, kuna kuvu inayoota juu ya zabibu na kuzikausha zikiwa mtini hadi sukari inabaki nzito. Ujerumani nako mavuno ya mwaka ule ya mvinyo mtamu wa zabibu za Riesling yanasifiwa hadi leo. Sukari ile na uchachu wake ndivyo vinavyoutunza mvinyo wa namna hiyo kwa miongo. Huuzwa pia katika nusu chupa, mililita 375, ambayo watu wanne au watano wanaimaliza kwa kikao kimoja. Na Mama yako, kwa maneno yako mwenyewe, anakumbuka utamu. Sijui kama ulikwishawaza kwamba mwekundu mkavu wa Bordeaux, yaani usio na utamu, hata ukiwa mzima kabisa, ungemshangaza mtu anayekumbuka divai tamu ya padri.

Halafu kuna mvinyo wa Ureno. Kwa ule wa Porto unaozeeka ndani ya chupa, watengenezaji wengi hawakuutangaza mwaka 1976, yaani hawakuuona kuwa mwaka bora wa kuuza mvinyo huo kwa jina lake. Walitangaza 1975 na 1977. Ila iko aina inayoitwa colheita, ya mavuno ya mwaka mmoja, inayokaa kwenye mapipa ya mbao kwa miaka isiyopungua saba, mara nyingi miongo mingi, ndipo inatiwa chupani. Lebo yake huwa na miaka miwili: wa mavuno na wa kutiwa chupani. Hiyo haina bahati nasibu nyingi, maana imeshazeeka mikononi mwa wenye kazi yao. Haina mashapo ya kukusumbua, na ikifunguliwa hudumu wiki kadhaa bila kuharibika. Ina pombe ya asilimia 20 hivi. Kumbuka hili la kudumu wiki kadhaa, nitalirudia.

Sasa ule ukumbi. Naomba tuutazame pamoja kwa karibu, kwa sababu nahisi hapo ndipo ndoto yako ilipojenga nyumba.

Chupa moja ni mililita 750. Ukimimina kidogo kidogo unapata glasi sita au saba. MC wetu, unawajua, atacheza nayo juu ya kichwa, ataitikisa, atazunguka nayo meza kwa meza muziki ukipigwa. Mvinyo mwekundu wa miaka 50 una mashapo chini; ukitikiswa unakuwa tope na uchungu. Kizibo chake hakiruki kama cha shampeni. Kinamung'unyika. Huingizwa kifungulio cha meno mawili ubavuni taratibu, au hutolewa vipande vipande na mtu mtulivu aliyekaa chini kwenye mwanga mzuri. Baada ya hapo unamimina pole pole, ukiangalia shingo ya chupa, na unaacha mashapo yanapokaribia. Mvinyo mzee namna hiyo unaweza kupoteza ladha yake yote ndani ya saa moja baada ya kufunguliwa. Kabla ya hapo unatakiwa kuisimamisha chupa siku kadhaa baada ya safari ya ndege ili itulie. Hakuna hata moja kati ya haya linaloendana na vigelegele.

Ni kazi ya sebuleni hiyo. Na harusi ya 1976 uliyosimuliwa ilikuwa hivyohivyo: watu wanne, glasi ndogo, hakuna kipaza sauti. Najiuliza kama ukumbi uliingia kwenye wazo lako kwa ajili ya wazazi, au kwa ajili ya mtoto aliyekosekana kwenye picha za sherehe nyingi. Silaumu. Ni hamu halali kabisa, na ningependa ipate nafasi yake. Ila inaweza kupata nafasi kwa njia nyingine, hata kwa wewe kushika kipaza sauti na kuisimulia ile hadithi ya padri mbele ya watu wote. Nadhani hakuna ndugu yako anayeweza kuisimulia kama ulivyoiandika hapa.

Sasa nije kwa swali la dada yako.

Umeandika aya ndefu juu ya chupa na mistari michache juu ya Baba. "Miaka ambayo haikuwa mizuri nyumbani." Ulikuwa kidato cha pili ilipokwisha. Dada yako alikuwa mkubwa zaidi. Huenda yapo aliyoyaona usiku wewe ukiwa umelala, na huenda neno lake moja lilibeba mambo ambayo asingeweza kuyaandika kwenye kundi la familia. Ulipomjibu kuwa yalishapita, akanyamaza. Kunyamaza kwake sikuoni kama kukubali.

Wewe ni muuguzi, kwa hiyo unajua ninachotaka kusema: kuna waliotawaliwa na pombe wakaacha, wakaweza kukaa meza moja na chupa bila shida yoyote; na kuna wengine ambao glasi moja, baada ya miaka ishirini, inafungua mlango upya. Kwa nje wanafanana, wote wanasali, wote wanatunza bustani. Unasema hudhani glasi moja itamdhuru. Inawezekana uko sahihi. Lakini ni kipimo ambacho wewe na mimi hatuwezi kukichukua kwa niaba yake, na mbele ya watu mia tatu hata yeye mwenyewe hataweza. Fikiri MC amemtaja, kamera zimeelekezwa, mtoto aliyetoka Uingereza anamkabidhi glasi. Atakataaje? Mzazi gani atamwambia mwanawe wa mbali kuwa zawadi yake inamtia hofu?

Unaweza kumuuliza mapema, kwa simu, kwa heshima. Hatari yake ni hiyohiyo: atasema "leta tu mwanangu" ili usivunjike moyo. Unaweza kumuuliza Mama kwanza, kwa kuwa ndiye anayejua nyumba inavyoishi leo. Lakini hapo mnaanza kupanga mambo ya Baba nyuma ya mgongo wake kana kwamba ni mtoto, na wanaume wengi walioacha pombe kwa jasho lao huumizwa na hilo kuliko na chupa yenyewe. Unaweza kuanza na dada yako. Mpigie, usimwandikie, na umuulize alimaanisha nini, kisha umwache aongee bila kumjibu. Kwa maoni yangu mazungumzo hayo yana faida hata kama mvinyo usingekuwepo kabisa.

Hapa ndipo narudi kwenye ile colheita. Uzuri wake ni kwamba Mama anaweza kujimiminia glasi ndogo kila Jumapili baada ya misa kwa mwezi mzima. Na huo ndio unaweza kuwa ubaya wake katika nyumba yenu: chupa iliyofunguliwa, tamu, yenye nguvu, imekaa kabatini wiki baada ya wiki, wewe umeshapanda ndege. Nusu chupa ya Sauternes inamalizika mezani siku hiyohiyo na chupa inaondoka. Kwa familia nyingine ningepanga kinyume.

Njia nyingine ni chupa isiyofunguliwa. Wapo wanaonunua mvinyo wa mwaka wao na kuuweka kama kumbukumbu, ukikaa pamoja na picha ya harusi. Kwa namna hiyo hata hiyo ya Bordeaux iliyoshuka kiwango ingefaa, maana mwaka unasomeka na hakuna atakayeionja. Bado ni chupa ya mvinyo ndani ya nyumba ya mtu aliyeacha. Kwa Baba mmoja ni ushindi wa kujivunia, kwa mwingine ni kidonda kilichowekwa sebuleni.

Nina swali jingine, ukiniruhusu. Kwa nini Ufaransa? Divai ya padri, katika Dodoma ya mwaka ule, inaelekea ilitokana na zabibu za palepale. Wamisionari wa Bihawana ndio wanaotajwa kuileta mizabibu Dodoma, na babu yako alikuwa mmoja wa waliolima. Ya 1976 huwezi kuipata dukani leo. Lakini Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na msimu wa pili ni Agosti na Septemba, siku zilezile za jubilei. Unaweza kwenda Hombolo na Mama asubuhi moja kabla ya sherehe, mkakata vichala kwa mikono yenu. Zabibu hizo zikikamuliwa siku hiyohiyo, Baba anapata juisi ya glasi ileile na rangi ileile, Mama anapata mvinyo wake, na wanagonganisha bila yeyote kutazamwa. Hatari ya njia hii naiona: unaweza kuhisi umekuja na kitu ambacho kilikuwa nyumbani siku zote, na kwamba kila mtu angeweza kukileta. Sijui kama hisia hiyo ungeweza kuimeza. Na hakuna kinachokuzuia kuunganisha, nusu chupa ya 1976 ya Mama pamoja na zabibu za Hombolo za Baba.

Ukiamua kubeba chochote, kiweke kwenye begi linalopakiwa chini, kimezungushiwa nguo nzito, na usipitilize lita 2 za mvinyo ambazo abiria anaruhusiwa kuingiza bila ushuru. Ukifika usiiache ndani ya gari juani hata kwa muda wa kununua maji. Agosti Dodoma kuna kibaridi, hilo linakusaidia. Chumba chenye giza na sakafu ya saruji kinatosha kwa siku chache.

La kaka yako nitaligusa kidogo tu. Fedha ni yako, mchango umelipa, na bati la wazazi ni mzigo wa watoto wote wanne. Ila sidhani alikuwa anazungumzia bati peke yake. Aliyebaki nyumbani hubeba mambo madogo ya kila siku ambayo hayapigwi picha, na zawadi ya aliye mbali wakati mwingine humfanya ajione hajafanya kitu. Ukimshirikisha katika zawadi yenyewe, kwa mfano yeye ndiye atafute shamba la kwenda na Mama, huenda sauti yake ikabadilika.

Wiki mbili za duka zisikukimbize. Mvinyo mtamu wa 1976 hupatikana kwenye minada na kwa wauzaji wengine wa huko uliko, na ukiikosa chupa hii utapata nyingine. Anza na dada yako. Mpigie siku ambayo hutoki zamu ya usiku, ili usimkatize kwa uchovu, na baada ya hapo, kama ungependa, niandikie tena uniambie alichosema.